Hester hakuchepuka peke yake, na mume naye ahesabiwe

Mwanangu hapa Massachusetts kapewa shuleni The Scarlet Letter ya Nathaniel Hawthorne, kitabu cha 1850, nikakisoma na mimi maana mambo yenyewe ni ya hapahapa Boston miaka ya 1640, enzi za Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali wa dini, kanisa na serikali kitu kimoja. Hester Prynne kazaa nje ya ndoa, anasimamishwa jukwaani masaa matatu na kichanga chake, kifuani herufi A nyekundu, ya "adultery", yaani uzinzi. Wanaomsema vibaya zaidi ni wanawake wenzake pale mlango wa jela, mmoja anataka achomwe chuma cha moto usoni, mwingine anasema auawe tu. Yaani uswahilini kabisa. Na kule juu roshani, pamoja na gavana, kasimama mchungaji Dimmesdale anambembeleza amtaje mwanamume, kumbe mwanamume ni yeye!

Huyo simtetei, miaka saba anahubiri watu wanalia halafu usiku anajichapa viboko kwa siri. Lakini watu wakigawa lawama wanaishia kwa hao wawili, mimi naanza na mume wa Hester. Mzee msomi kaoa binti ambaye hakuwahi kumficha kwamba hampendi, wakiwa Ulaya akamtanguliza ng'ambo peke yake eti yeye anamalizia shughuli, karibu miaka miwili mke hana habari za mumewe. Sawa, mume alitekwa njiani na wenyeji wa asili wa Amerika, ila hata yeye akimfuata Hester jela anakiri kwamba aliyeanza kukosea ni yeye. Halafu anafanya nini? Anabadili jina, anajifanya daktari wa mchungaji, anamtafuna taratibu.

Na hii siyo stori tu. Mwaka 1644 Massachusetts hii, enzi hizo koloni la Waingereza, ilimnyonga kweli msichana anaitwa Mary Latham pamoja na James Britton, wote wawili kwa uzinzi, na Mary naye alikuwa ameolewa na mzee. Angalau kamba haikubagua.

Leo huku majuu nani anajali, jirani hata jina lako halijui, New York ndio wamefuta kosa la uzinzi juzi 2024 na wengi hawakujua kama bado lipo. Bongo fumanizi ni sinema ya mtaa, simu zote juu, mwanamke anarekodiwa na khanga moja, jamaa kesharuka ukuta zamani na wiki ijayo yuko kijiweni anacheza bao.

Sasa nyie wabeba boksi wenzangu mlioacha wake nyumbani mwaka wa nane huu, makaratasi hayajakaa sawa, hela mnatuma, video kolo Jumapili, mkisikia mama kachepuka mnawapigia wakwe mnadai mahari irudi na mgoni alipe. Kudai ugoni mnaruhusiwa, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inasema hivyo, na mke pia anaweza kumshtaki mchepuko wako wa huku, hilo hamlisemi. Ila sheria hiyohiyo inamtaka hakimu akipanga fidia aangalie kama mke na mume mlikuwa mnaishi pamoja au kila mtu kwake. Hapo utamwambia nini, utamwonyesha risiti za kutuma hela?