Gari Dhaifu Ndilo Liongoze Msafara

Wapenzi wa magari ya zamani wakikaa kupanga safari ya siku kadhaa, jambo la kwanza wanalofanya ni kutandaza ramani na kuulizana wafike wapi. Mwenye gari lenye nguvu anataja mji wa mbali, wengine wanaitikia kwa sababu hakuna anayetaka kusema gari lake haliwezi, na papo hapo kilomita 400 kwa siku zinaingia kwenye ratiba. Napinga utaratibu huo kwa moyo wangu wote. Safari ya namna hii ipangwe kwa kuangalia gari moja tu, lile lililo dhaifu kuliko yote, na gari hilo ndilo lipewe nafasi ya mbele. Swali la kwanza mezani liwe: nani ana injini ndogo kuliko wote, na mlima mkali anaupanda kwa gia ya ngapi?

Tofauti kati ya gari na gari ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na inazidi kukua. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likitimiza miaka 30, mradi limetunzwa katika hali yake ya asili na halitumiki kwa shughuli za kila siku. Kwa kipimo hicho, magari ya katikati ya miaka ya 1990 yameshaingia kundini, na mengi yana usukani mwepesi, breki za diski na injini inayogawiwa mafuta kwa kompyuta. Kila mwaka yanaingia mengine mapya zaidi, na yale makongwe yanabaki na nguvu zilezile yalizotoka nazo kiwandani. Citroën 2CV, ilipoonyeshwa hadharani mwaka 1948, ilikuwa na injini ya cc 375 yenye nguvu za farasi 9, na mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 65 kwa saa. Mercedes-Benz 280 SE ya mwisho wa miaka ya 1960 ina farasi 160. Yote mawili yanastahili kuitwa magari ya zamani, na yote mawili yatakuja asubuhi yameoshwa na kung'arishwa. Ukiyaweka kwenye mstari mmoja bila kufikiri, moja litateswa.

Linaloteswa, kwa kawaida, ndilo linaloambiwa likae nyuma. Huambiwa hivyo kwa upole: wewe njoo taratibu, sisi tutakungoja mbele. Upole huo una madhara, na ni rahisi kuyaona.

Msafara hauendi kwa mwendo mmoja kuanzia mbele hadi nyuma. Gari la kwanza likifika kwenye kona hupunguza mwendo, na likishatoka dereva wake anakanyaga mafuta. Wakati huo gari la mwisho ndio kwanza linashika breki kuingia kona ileile. Nafasi kati yao inatanuka, na wa mwisho hana budi kukimbia kuliko kiongozi ili aukamate mstari tena. Jambo hilo linajirudia kwenye kila kona, kila tuta, kila daraja jembamba na kila lori linalopaswa kupitwa. Kiongozi akitembea kwa kilomita 70 kwa saa bila wasiwasi, mtu wa mkiani kuna nyakati anatafuta 90. Kwa hiyo kumweka mwenye injini ndogo nyuma ni kumkabidhi kazi ya kukimbia kuliko wote, tena kwa gari lisiloweza.

Matokeo yake yanaonekana kwanza kwenye mteremko. Magari mengi ya miaka ya 1950 yana breki za dramu magurudumu yote manne, yaani vipande vinavyotanuka na kusugua ndani ya ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu. Breki hizo zikishikwa mfululizo, joto linabaki ndani ya dramu, na kadiri linavyopanda ndivyo uwezo wa kushika unavyopungua. Dereva anakanyaga, pedeli inabaki ngumu chini ya mguu wake, na gari halipungui mwendo inavyotakiwa. Mtu asiyefukuza mstari anashuka kwa gia ndogo na injini inalizuia gari yenyewe. Mtu anayewafukuza wenzake hushuka kwa gia kubwa na breki. Ukumbuke pia kwamba mengi ya magari hayo yalitoka kiwandani bila mikanda ya usalama. Mkanda wa kushika bega na kiuno pamoja ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na ilichukua miaka mingi kabla haujaenea katika magari ya kawaida. Mwendo tunaomlazimisha mtu kwenda nao, tunamlazimisha katika gari ambalo halina cha kumshika.

Halafu joto la petroli. Nimesimama pembeni mwa barabara na mzee mmoja mwenye Peugeot 404, gari lililotunzwa vizuri kabisa, mchana wa jua kali baada ya kupanda mlima mrefu kwa haraka. Injini ilianza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikazima. Kijana aliyekuwa naye alitaka kuendelea kupiga stata. Mzee akamzuia mkono. Alifungua boneti, akamwagia kitambaa maji ya kunywa, akakifunga kwenye pampu ya petroli na kwenye kipande cha mpira kinachopita karibu na bomba la moshi. Mvuke ukapanda kutoka kwenye kitambaa. Akakilowanisha tena, akaketi kwenye jiwe.

Alichokuwa akikitibu ni petroli iliyochemka ndani ya bomba. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi zaidi huanza kuchemka hata kabla ya nyuzi 50. Pampu ya zamani imefungwa ubavuni mwa injini na huvuta mafuta kutoka tangi lililo mbali, na kule kuvuta kunapunguza mgandamizo ndani ya bomba, kwa hiyo mchemko unakuja mapema zaidi. Mapovu yakishajaa, pampu inasukuma mvuke, na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inakauka. Hakuna kilichovunjika. Gari linahitaji kupoa tu, na baada ya muda liliwaka mara moja alipogusa stata. Lakini mzee yule alikuwa nyuma ya wote. Kundi lilikuwa limeshavuka kilima kingine, simu hazikuwa na mtandao, na kama si sisi wawili watatu tuliochelewa kuondoka, angekaa pale na jiwe lake bila mtu wa kumuuliza hali.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Anayeharibikiwa akiwa mbele atakutwa na wote wanaokuja nyuma, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ana spana, ana maji, ana mikono. Anayeharibikiwa mkiani hakutwi na mtu. Gari linalotarajiwa kuharibika liwekwe mahali ambapo msaada unalijia lenyewe, na gari la fundi liwe la mwisho kabisa.

Utaratibu ninaoutaka ni huu. Asubuhi gari dhaifu liondoke kwanza, pamoja na mawili au matatu yanayolingana nalo. Baada ya robo saa liondoke kundi la pili, kisha la tatu, na yale yenye nguvu yaondoke mwisho, wenyewe wakiwa wamekunywa chai yao kwa utulivu. Kwa kuwa yana mwendo, yatawakaribia wa mbele kuelekea mchana, na wote watakutana mahali pa kula karibu kwa wakati mmoja. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na hapa anayetangulia anatangulia kwa sababu anahitaji muda zaidi.

Makundi madogo yanajibu pia lawama ya watumiaji wengine wa barabara, lawama ambayo naikubali. Magari 15 yaliyofuatana kwa mwendo wa 60 ni ukuta. Lori halipiti, basi halipiti, na mwisho wake mtu anakata tamaa na kupita kwenye kona. Magari matatu yenye nafasi kati yao yanapitika.

Wenye magari yenye nguvu wana hoja moja nzito. Wanasema injini kubwa ikitembezwa polepole huchemsha, kwa kuwa feni yake inazungushwa na injini yenyewe na mzunguko ukishuka hewa inapungua kwenye rejeta. Ni kweli kwa gari lililosimama likiunguruma kwenye foleni. Gari linalotembea kwa kilomita 50 au 60 kwa saa hupata upepo wa kutosha kutoka barabarani, na likichemsha kwa mwendo huo, tatizo liko kwenye rejeta iliyoziba au kwenye thamostati, vali inayoachia maji ya kupoza yapite. Hoja ya plagi kushika masizi kwa kutembea na mzunguko mdogo ina ukweli zaidi, na ndiyo sababu nyingine ya kuwaacha waondoke mwisho: watapata barabara tupu mbele yao, wataipa injini pumzi yake, na hawatamsukuma mtu.

Historia ina mfano ninaoufikiria mara nyingi. Mwaka 1907 magari matano yaliondoka Beijing kwenda Paris. Scipione Borghese, kabaila wa Italia mwenye cheo cha prinsi, aliendesha Itala kubwa. Dogo kuliko yote lilikuwa Contal ya magurudumu matatu, dereva wake akiwa Auguste Pons. Contal ilikwama katika jangwa la Gobi, na Pons aliokolewa na wenyeji wa jangwani. Borghese aliingia Paris tarehe 10 Agosti 1907, na wengine watatu wakafika kama majuma matatu baadaye. Yale yalikuwa mashindano, na simlaumu mshindi kwa kushinda. Ninachosema ni kwamba safari nyingi zinazoitwa za matembezi bado zinaendeshwa kwa roho ileile: aliyefika kwanza hotelini anapongezwa, na habari za aliyebaki njiani zinasikika usiku.

Mfano wangu wa kufuata ni wa kale zaidi. Agosti 1888 Bertha Benz alitoka Mannheim kwenda Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, katika gari lililoundwa na mumewe Carl. Milima ilipolishinda gari, watu walishuka wakasukuma. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia. Breki zilipochakaa, fundi viatu alizivisha ngozi. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa huko Wiesloch. Mwendo, mapumziko na kazi za njiani vyote viliamuliwa na kile gari lilichoweza, na aliporudi alikuwa na orodha ya mambo ya kurekebisha, ikiwemo gia ya ziada ya kupandia milima.

Ratiba inayotokana na gari dhaifu inajiandika yenyewe. Kama linatembea kwa 60, wastani wa siku pamoja na mapumziko utakuwa kama 40 au 45, kwa hiyo kilomita 200 ni siku nzima ya haki. Kuendesha kuishe kabla ya magharibi, kwa sababu magari mengi ya zaidi ya miaka 60 yana umeme wa volti 6 na taa zake zinamulika hatua chache tu. Mvua ikinyesha, watu wasimame. Kuna magari ambayo waipa zake huvutwa na pumzi ya injini, na ukikanyaga mafuta kupanda mlima zinapunguza kasi au kusimama kabisa, wakati ule ule unaohitaji kuona.

Kwenye njia panda sheria iwe moja: hakuna anayeondoka mpaka amwone anayemfuata. Haihitaji simu wala redio.

Saa za jioni zinazobaki ndizo ninazozipenda kuliko kitu kingine. Kundi lililofika saa kumi lina mwanga wa kufanyia kazi. Mtu anafungua kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, anatazama pointi, vile vibamba viwili vinavyokata na kuunga umeme wa plagi. Kisigino kinachovisukuma kimeisha kidogo, nafasi imebana, na ndiyo maana gari lilikuwa zito tangu asubuhi. Nafasi inayotakiwa kwenye magari mengi ni kama milimita 0.4. Mmoja anatafuta kipimo kwenye sanduku lake hakioni, mwingine anatoa kadi ngumu mfukoni, anaipitisha katikati ya vibamba, anakaza skurubu kwa bisibisi. Vijana wawili waliokuja kama abiria wanainama kutazama, na mmoja anaombwa azungushe injini kwa mkono ili ajionee pointi zikifunguka. Ujuzi huo hauwezi kupokezanwa na watu waliofika saa mbili usiku, njaa inawauma, na kesho wana kilomita 400 nyingine.

Siku ya mwisho naipendekezea nusu ya masafa ya siku nyingine. Kufikia hapo boliti zimelegea, mipira imeanza kuvuja, na mikono imechoka kwa usukani mzito. Wanaokaa mbali bado wana barabara ya kurudi nyumbani peke yao, bila gari la fundi nyuma yao. Wafike mchana, boneti zifunguliwe zote wakati wenzao wenye ujuzi bado wapo, na gari dhaifu likaguliwe la kwanza.