Lugalo, Mlambalasi na gharama ya ushujaa

Ushujaa wa askari wa Kihehe waliopigana Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 haubishaniwi mkoani Iringa. Kinachobishaniwa, kila jina la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, linapotajwa, ni kama vita ile dhidi ya Wajerumani ilistahili kuendelezwa kwa miaka saba zaidi.

Siku ile msafara wa kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, ulikuwa umejipanga mstari mrefu vichakani, mizinga ikiwa imefungwa migongoni mwa punda. Wahehe waliojificha kando ya njia walikuwa na bunduki chache, na wakipigana kwa mbali wangemalizwa kwa risasi. Kwa hiyo walitoka mbio na mikuki na ngao kuielekea mitutu ya adui kabla hajajaza risasi tena. Aliyetangulia katika mbio hizo alijua anachokitoa. Zelewski aliuawa, na sehemu kubwa ya kikosi chake iliangamia kwa muda mfupi.

Wanaotetea kuendelea kwa vita wana hoja nzito. Zelewski alikuwa ameshachoma makazi ya watu njiani, na kujisalimisha hakukumhakikishia mtu usalama: Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alikubali kutawazwa na Wajerumani, nao wakamuua mwaka 1897.

Hata hivyo, baada ya Kalenga, ngome ya Mkwawa, kuanguka mwezi Oktoba 1894, aliyeumia zaidi hakuwa mpiganaji. Wajerumani waliteketeza mashamba na vyakula ili Mkwawa akose wa kumlisha huko porini, na njaa hiyo ikawaangukia kina mama na watoto ambao hakuna aliyewauliza kama wako tayari kujitoa mhanga. Merere, mtawala wa Wasangu wa Usangu, katika Mbeya ya leo, alichagua kushirikiana na Wajerumani akarejea Utengule, makao yake ya zamani. Wanaomwita msaliti wasisahau kwamba Wahehe ndio waliowafukuza Wasangu katika nchi yao.

Nikipima yote hayo, naona Lugalo ilikuwa vita ya haki kabisa, ila siwezi kuisifu miaka ya mwisho bila kuwataja waliokufa njaa. Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe akiwa hai, na uamuzi huo ulikuwa wake. Njaa haikuwa uamuzi wa wanakijiji.

Linaloniuma zaidi ni namna tunavyokumbuka. Fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, liliandikwa hadi katika Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa 1954, na leo limehifadhiwa Kalenga. Zelewski na wenzake wana mnara wao pale Lugalo. Kambi ya jeshi letu jijini Dar es Salaam nayo imepewa jina la Lugalo, heshima inayostahili, lakini ni jina la mahali. Askari wa mkuki aliyeanguka siku ile hatajwi. Koo za askari hao bado zipo Iringa na Kilolo, na wazee wanaoweza kuwataja mababu zao wanazidi kupungua. Kazi ya kuyaandika majina hayo ianze sasa, kijiji kwa kijiji, na orodha iwekwe Kalenga, pamoja na majina ya waliokufa kwa njaa.