Perpignan wanalilia mvua, Goma tunalilia robine

Februari nzima ya 2023 nilitembea hapa Perpignan, kusini mwa Ufaransa, bila koti zito. Jua safi, hewa kavu kama ya kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, mwezi wa saba. Nilifurahi, kwa nini nifiche? Lakini jirani yangu, mama mzee mwenye bustani, kila tukikutana alikuwa ananiambia jua hili si la heri, na alikuwa na haki. Kutoka 21 Januari hadi 21 Februari 2023 Ufaransa ilipitisha siku 32 bila mvua ya maana, jambo ambalo majira ya baridi hayakuwa yamewahi kuona. Na ndiyo miezi ambayo mvua, miti ikiwa imelala, huzama na kujaza akiba ya ardhini. Machi hiyo watu waliibeba sanamu ya Mtakatifu Gaudérique, msimamizi wa wakulima, mpaka mto Têt wa hapa Perpignan kuomba mvua. Wanaosema Wazungu hawasali tena wangekuwepo.

Sasa kinachoniuma. Katika ukame wote huo, robine yangu, bomba la maji la nyumbani, haikukauka hata asubuhi moja. Goma je? Masika yanatupiga, mabati yanalia usiku kucha, Ziwa Kivu liko mbele ya macho yetu, mamia ya mita kwenda chini, na bado mtoto wa mtaa wa Ndosho anaamka gizani kutafuta bidoni moja ya lita 20! Ndiyo, tunakaa juu ya mawe ya volkano Nyiragongo, mvua inapenya na kupotea, mjini hatuna mto. Lakini ziwa halijapotea. Linataka mashine, umeme, mabomba na watu wa kuyatunza. Sisi tumeizoea kiu hii mpaka tunaisema kama vile ni hali ya hewa, kama vile Mungu ndiye aliyefunga robine.

Nawasikia wa mtaa wa Birere, Goma: "Huyu amekula mkate wa Ulaya, leo anatufundisha." Hapana, wandugu. Bidoni za Kituku, kando ya ziwa, nimezibeba, na mama yangu mpaka leo ananunua maji ya chukudu, yale yanayoletwa kwa baiskeli ya mbao, kwa bei mnayoijua. Mwingine atanijibu: vita. Kweli, na watu waliokimbia vita hadi kambi ya Kanyaruchinya siwasahau hata siku moja. Lakini kabla ya vita hii tulikuwa tunateka wapi? Si palepale ziwani?

Wala sijasema huku wanatuzidi akili. Majirani wa hapa walijifunza kuogea juu ya beseni ili maji yale yamwagilie maua, wakaelezana kama elimu mpya. Mama zetu walifua, wakapika, wakaosha watoto na kusafisha nyumba kwa bidoni mbili. Nawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika, na ndiyo sababu nina hasira: ustadi ule hawakupaswa kuuhitaji, wakiwa kando ya ziwa.

Hapa kila mwezi wanatangaza hadharani hali ya maji ya chini ya ardhi. Mtu wa mtaa wa Katoyi, Goma, naye atangaziwe siku ambayo robine ya mtaa wake itafunguka, na jina la atakayejibu isipofunguka.