Acheni kung'oa themostati

Wiki hii nilikuwa gereji moja hapa Dar nasubiri gari, nikamsikia fundi akimwambia mama mwenye Corolla ya zamani: "Mama, hii themostati ni ya nchi za baridi. Huku kwetu tunaing'oa tu, gari halichemshi tena." Mama wa watu akakubali, akalipa, akaondoka. Nina hasira mpaka sasa, maana kauli hiyo iko kila gereji na inaua injini za watu waliojinyima ili wapate usafiri.

Themostati ni vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta kupoozwa mpaka yapate moto. Zile za Corolla za miaka ya 90 huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Jua la Dar likichoma sana ni nyuzi 33 au 34. Kwa injini, basi, hata mchana wa Februari ni baridi. Ukiitoa themostati, maji yanazunguka muda wote kabla hayajapata moto. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini bado haijapata moto, kompyuta inaongeza petroli, plagi zinakuwa nyeusi, na petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Mwenye gari anaona mshale wa geji ya joto uko chini, anamshukuru fundi, kisha analalamika kwamba gari linakula mafuta.

Kuna baya zaidi. Injini nyingi za Toyota, 1HZ ya Land Cruiser ikiwemo, zina themostati yenye kisahani cha pili kwa chini. Injini ikishika moto, kisahani hicho huziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ing'oe, njia inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoozwa. Umelipa hela ili gari lichemshe vizuri zaidi.

Na ugonjwa wenyewe haujaguswa. Gari likichemsha kwenye foleni ya Mbagala lakini likatulia ukipata barabara wazi, tazama feni: mota, fyuzi, rilei, swichi yake. Likitulia mjini likachemsha kwenye mwendo au mlima, shuku rejeta iliyoziba au wota pampu. Maji yakipungua bila kuvuja popote, mapovu yakatoka kwenye rejeta injini inapounguruma, hiyo ni gasketi ya hedi, yaani ya kile kifuniko cha juu cha injini. Mfuniko wa rejeta nao hupuuzwa. Ule wenye alama ya 0.9, yaani presha ya ba 0.9, ukishikilia presha hiyo, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 119. Mpira wake ukichoka, yanachemka mapema na kumwagika. Halafu watu wanajaza maji ya kisima yenye chumvi, rejeta inaoza kwa ndani, lawama inaenda kwa themostati.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa jiko, iangalie. Ikifunguka kabla maji hayajatokota, ni nzima, irudishwe. Ikigoma, nunua nyingine. Bei yake haikaribii gharama ya kuskimu, yaani kusawazisha kwa mashine, hedi iliyopinda.

Nakubali jambo moja, tena kwa shingo upande: ikikwama imefunga usiku kwenye Mlima Kitonga na duka la spea liko mbali, itoe ujikongoje taratibu hadi Iringa. Kesho yake asubuhi weka mpya.

Geji nayo isihukumiwe bila kupimwa. Kwenye magari mengi ya zamani, sensa ya geji ina waya mmoja. Washa swichi, chomoa waya: mshale unatakiwa ulale kwenye C (baridi). Ugusishe waya kwenye chuma cha injini kwa muda mfupi tu: mshale unatakiwa kupanda kuelekea H (moto). Mshale ukifanya hivyo, geji na waya ni vizima, tafuta tatizo kwenye sensa au kwenye joto lenyewe. Mshale wa joto na wa mafuta ikicheza pamoja, angalia umeme na earthi ya dashibodi.

Mshale uliokuwa juu ukianguka ghafla huku gari limekosa nguvu, usifurahi. Huenda maji yamekwisha na sensa imebaki ndani ya hewa. Paki pembeni, zima, na mfuniko usiuguse mpaka rejeta ipoe.