Waacheni walale, picha itangoja

Ukienda kutazama ndege, usiwarushe makusudi. Nayapenda sana matembezi yetu ya Oktoba, ndiyo maana lililotokea Jumamosi kwenye mashamba ya chumvi, upande wa Nunge hapa Bagamoyo, limenikaa rohoni.

Tulikuwa watu 14 na darubini 3. Tulifika maji yakijaa, na hiyo ndiyo saa yenyewe. Yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye tope wakidonoa minyoo na kaa wadogo. Tope likifunikwa hawana pa kula, basi hukusanyika kwenye mabwawa ya chumvi kupumzika. Hawa hufuata bahari kuliko jua.

Sisi wa pwani ndege hawa wadogo wote tunawaita vitwitwi, imetosha. Lakini mmoja nilimkazia darubini: mdomo mweusi uliopinda kwa chini karibu na ncha, na kila unyoya wa mgongoni umezungukwa na ukingo mweupe, mfano wa magamba ya samaki. Magamba hayo ndiyo alama ya kinda wa mwaka huu. Kaanguliwa Siberia, kaskazini kabisa. Kwa aina hii, madume hutangulia kuondoka, majike hufuata, makinda huja mwisho, peke yao. Kiumbe asiyefika gramu 100, maelfu ya kilomita, hana mzazi wa kumwonyesha njia!

Bado namtazama, mwenzetu akapiga makofi apate picha ya kundi likiruka. Likaruka lote. Mzee aliyekuwa akikwangua chumvi akaacha kazi.

"Wanangu, mmeamsha wageni."

"Tuwie radhi, babu."

Hakusema zaidi, akainama tena kwenye chumvi yake.

Najua watakaosema kuruka mara moja si kitu. Lakini akiba ya ndege hawa ni mafuta ya mwilini, na kila mruko unaunguza sehemu yake. Leo ni sisi, kesho mbwa, keshokutwa kundi jingine lenye simu, na muda wao wa kupumzika ni saa chache tu kabla maji hayajapwa. Fikeni mapema, kaeni chini kwenye tuta, nyamazeni. Wakitulia, watawasogelea wenyewe.

Ndivyo tulivyofanya baadaye, kama nusu saa hivi. Kundi lilizunguka mara tatu juu ya mikoko, likatua bwawa la mbali. Nililipitia moja moja kwa darubini. Yule wa magamba sikumwona tena.