Kilo za Hewa

Kila anayesikia kwamba unataka kuizunguka dunia kwa pikipiki hukuuliza swali lile lile: petroli itakugharimu kiasi gani? Petroli ndilo jambo jepesi kuliko yote katika bajeti ya safari hiyo. Pikipiki ya wastani hunywa lita 4 au 5 kwa kilomita 100, na hata mtu aliyekuwa akikimbia kipindi cha hesabu anaweza kuzidisha hapo akapata jibu. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, lakini kwa kuwa hakuna aliyejenga barabara juu ya mstari wa ikweta, na kwa kuwa bahari hazina mpango wa kupisha mtu, msafiri mwenye akili huhesabu mara mbili ya hapo, kisha huongeza kidogo kwa ajili ya kupotea njia. Kinachoiua bajeti ni zile siku ambazo pikipiki haitembei kabisa, bali inabebwa. Somo hilo nililipata kwa msaada wa shemeji yangu, na ninaliita msaada kwa sababu bado tunakutana kwenye shughuli za kifamilia.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, mhasibu kwa kazi na kwa damu, mtu mwenye roho safi asiyeweza kuona fedha zinaondoka bila kuzisindikiza. Nilipotangaza nia yangu hakunikataza wala hakunitia moyo. Alifungua kompyuta yake na kuanza lahajedwali. Humo aliingiza tairi la nyuma, ambalo huisha baada ya kilomita 8,000 hadi 15,000 kutegemea barabara na mzigo, akaingiza la mbele, cheni na sproketi zake, oili, bima, viza, chanjo na malazi. Palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa “Furaha”, nao alikuwa ameujaza sifuri.

“Shemeji, hata kidogo?” nikamuuliza.

“Shemeji, furaha ndiyo safari yenyewe. Ukiilipia tena utakuwa umelipa mara mbili.”

Nikajaribu kumlainisha kwa habari za Emilio Scotto, Mwajentina aliyeondoka Buenos Aires mwaka 1985 akiwa na Honda Gold Wing na fedha zisizotosha, akazunguka hadi mwaka 1995, akiwa ametembea kilomita 735,000. Shemeji akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema kwa upole, “Miaka kumi. Dada yangu anajua?” Sikumtaja Scotto tena.

Jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa karneti ya forodha. Ziko nchi, zikiwamo Iran, Pakistan na India, ambazo kwa kawaida humtaka mgeni anayeingia na chombo chake awe na kitabu hicho, kinachotolewa na vyama vya wenye magari na kudumu mwaka mmoja. Kila ukurasa una vipande: kimoja hukatwa na forodha unapoingia, kingine unapotoka, na kishina chenye mihuri hubaki kitabuni kuthibitisha kwamba hukuiuza pikipiki huko ulikopita. Ili upewe kitabu, unaweka dhamana inayotegemea thamani ya chombo na nchi unazokwenda, na katika baadhi ya nchi dhamana hiyo inaweza kuipita thamani ya pikipiki yenyewe. Fedha hizo ni zako na unarudishiwa ukimaliza salama, lakini huwezi kuzigusa. Shemeji alishindwa kabisa kuamua kama aziandike kwenye mali au kwenye matumizi, na jioni moja nilimkuta amezipa safu ya peke yake yenye kichwa cha habari “Zipo”.

Kisha tukafika kwenye nauli ya pikipiki. Hakuna namna ya kuikwepa. Hata anayebaki ndani ya mabara ya Amerika, kati ya Panama na Kolombia atakutana na Darién, msitu na vinamasi vya takriban kilomita 100 visivyo na barabara, na hapo chombo lazima kipande meli au ndege. Mimi nilikuwa na bahari ya kuvuka. Meli ilikuwa nafuu, lakini ada za bandarini upande wa pili hazijulikani mpaka ufike, na shemeji hawezi kulala nyumba moja na namba isiyojulikana. Tukachagua ndege.

Kwa kuwa ndege hutoza kwa kilo, shemeji aliendesha kampeni ya uzito. Alikata mpini wa mswaki wangu kwa msumeno. Alipima soksi. Alinitaka nichague kati ya taulo na blanketi, kisha akaondoa vyote viwili. Tulipokwenda kwa wakala wa mizigo, pikipiki ikiwa imekonda na mimi nikiwa nimekonda pamoja nayo, mpimaji hakuitazama hata mizani. Alitoa utepe wa kupimia, akapima kutoka ncha ya tairi hadi ncha ya tairi, kutoka kioo cha pembeni hadi kioo cha pembeni, kutoka sakafuni hadi juu ya kioo cha mbele, akaongeza nafasi ya sanduku, akasema: urefu 225, upana 95, kimo 140. Akazizidisha sentimita hizo, akagawanya kwa 6,000, akatuonyesha jibu. Kilo 499.

“Pikipiki hii ina kilo 175 bila petroli,” shemeji akasema, sauti ikimpanda.

Mpimaji akaeleza, kwa subira ya mtu anayeeleza jambo hilo kila siku, kwamba ndege huishiwa nafasi kabla ya kufikia uzito inaoweza kubeba, hivyo mzigo hutozwa kwa kilo zake halisi au kwa kilo za ujazo wake, zozote zilizo nyingi. Shemeji akaketi juu ya katoni la mtu. Alikuwa ameukata mswaki bure.

Hata hivyo, mhasibu akishaielewa kanuni huwa mtu wa hatari. Siku iliyofuata tulikuwa kwa seremala, pikipiki katikati, spana mikononi. Tuling'oa vioo vya pembeni, kioo cha mbele na masanduku ya ubavuni, tukalegeza usukani na kuulaza juu ya tangi, tukatoa gurudumu la mbele pamoja na mkinga matope wake, ikabaki imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Seremala akaifungia sanduku la mbao la sentimita 190 kwa 75 kwa 110. Kwa ujazo, kilo 261. Kwa mizani, pikipiki kilo 175 na mbao kilo 55, jumla 230.

Tungeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini shemeji alikuwa akilitazama sanduku lile kwa macho ambayo nilikuwa nimeyaona mara moja tu, siku ya kugawana mirathi ya babu yao.

“Shemeji,” akasema, “humo ndani mna kilo 31 za hewa. Na tumeshazilipia.”

Ule uliokuwa ugomvi na uzito ukageuka kuwa ugomvi na hewa. Vitu vyote alivyokuwa ameviondoa katika safari yangu vikarudi kwa shangwe: matairi mawili ya akiba, cheni, mfuko wa spana na bisibisi, hema, buti, taulo na hata blanketi. Vilipimwa kwenye mizani ya bafuni kimoja kimoja, na ilipofika 31 na ushei alitoa soksi moja, akairudisha, akatoa nyingine nyepesi zaidi. Seremala akakaza skrubu, naye kwa wema wake, bila kuulizwa na mtu, akapigilia chini ya sanduku miguu miwili ya mbao ili foklifti ipate pa kupenyeza vyuma vyake.

Miguu ile ilikuwa na kimo cha sentimita 10. Kule uwanja wa ndege mpimaji akaweka utepe, akasoma 120, akagawanya, akaandika kilo 285. Niliona rangi ikimtoka shemeji, kisha, kabla sijamfikia kumshika, niliona ikimrudi. Sanduku halisi, pamoja na miguu yake, lilikuwa na kilo 267.

“Tumepata nyingine 18!” akanong'ona.

Mimi nilikuwa mezani nikijaza fomu za mizigo ya hatari, nikitia sahihi kwamba tangi limekaushwa na nyaya za betri zimefunguliwa, kwa hiyo sikuona vizuri yaliyoendelea nyuma yangu. Nilisikia skrubu zikitoka. Nilisikia begi langu la safari likifunguliwa. Kisha nikamsikia mkaguzi akiuliza hiki ni nini na hiki ni nini, na mbele ya macho yangu zikatoka kopo la kupulizia cheni mafuta, kwa kuwa makopo ya namna hiyo yana gesi, na jiko dogo la kambini ambalo bado lilikuwa likinuka petroli. Vitu hivyo haviruhusiwi kujipakia kimya kimya kwenye mzigo wa ndege, na mkaguzi alitukumbusha hivyo kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia. Shemeji akaomba radhi vizuri sana, kwa maneno ya heshima, huku mikono yake ikiendelea kutafuta cha kuziba pengo lililoachwa na jiko. Alichukua kila kilichokuwa karibu. Mizani ikatulia kwenye 285 kamili, shemeji akapaza sauti kama timu yake imefunga bao, na sitaficha kwamba nami nilimpigia makofi.

Siku chache baadaye nilikuwa ng'ambo, katika nchi mojawapo ya zile zinazodai karneti, nimesimama mbele ya afisa wa forodha aliyepiga pasi shati lake kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Akanikaribisha kiti. Akaomba hati ya usafirishaji, nikampa. Akaomba pasipoti, nikampa. Akaomba karneti, nikaingiza mkono kwenye begi, nikauzungusha, nikautoa, nikauingiza tena.

Karneti ilikuwa ndani ya jalada la bluu. Jalada la bluu, lenye kadi ya pikipiki na funguo zake, nilikuwa nimeliweka pembeni ya fomu, pale mezani, karibu kabisa na mkono wa kushoto wa shemeji.

Afisa alinisikiliza bila kucheka, na hilo ninamshukuru. Akanieleza kwamba sanduku haliwezi kutolewa wala kufunguliwa mpaka karneti ionekane. Nikamweleza kwamba karneti haiwezi kuonekana mpaka sanduku lifunguliwe. Akakubali kwamba hoja yangu ni nzito, akarudia ya kwake. Tuliendelea hivyo mpaka muda wa kazi ukaisha, naye akanipa habari ya mwisho kwa leo: ghala linatoza kwa kila siku na kwa kila kilo, na kilo zinazohesabiwa ni zile zile 285 za kwenye hati. Yaani hewa iliyobaki mle ndani nayo ilikuwa ikilala ghalani kwa kulipiwa.

Ilihitaji barua, kisha barua ya kuiombea barua ile isomwe, kisha mkuu wake, ndipo nikaruhusiwa kufungua mbele ya afisa wawili na mlinzi. Tukalizunguka sanduku. Mkuu akaniambia, “Haya, fungua.” Skrubu za seremala zilikuwa zimezama hadi kichwani, na bisibisi zangu zote, kubwa kwa ndogo, zilikuwa ndani, zimefungwa vizuri katika mfuko wa spana uliopimwa kwa gramu. Mbeba mizigo mmoja akaniazima yake kwa malipo. Jalada lilikutwa ndani ya buti la kulia, limekunjwa mara mbili na kuzungushiwa taulo ili lisichezecheze. Afisa akalinyoosha juu ya paja lake, akagonga muhuri, akakata kipande chake, akanirudishia kishina.

Usiku nikampigia shemeji. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu mchana, makali na mafupi, lakini alinitangulia.

“Shemeji, lile jalada lina uzito gani?”

“Sijui. Labda nusu kilo, na funguo zake.”

Nikasikia vidole vikigonga kompyuta. “Basi lilisafiri bure,” akasema kwa furaha ya dhati, kisha akataka kujua kama yule mbeba mizigo alinipa risiti ya bisibisi.