Paka wa Klemperer

Mama mmoja jirani yangu hapa Umoja ana msemo wake: ukitaka kumjua mtu, mtazame anavyomtendea paka. Huutoa akimwagia paka wa ploti mifupa ya samaki pale ngazini, sisi wengine tukipita tumeziba pua. Mama nampenda, msemo wake siukubali. Ujerumani ya Hitler ndiyo iliyonitoa huko.

Manazi, watu wa chama cha Hitler, walipenda wanyama, tena kwa sheria. Aprili 1933, hawajamaliza miezi mitatu madarakani, walipiga marufuku kuchinja mnyama kabla ya kumpoteza fahamu. Novemba wakatoa sheria kubwa ya kuwalinda wanyama. Ukiisoma peke yake utaisifu. Ila ile ya Aprili ilimlenga nani, kama si Wayahudi, ambao dini yao inataka mnyama achinjwe akiwa na fahamu? Sisi tunaoishi na watu wanaouliza kwanza kama nyama ni halali tunajua kisu kinavyogusa imani. Huruma kwa ng'ombe ilikuwa fimbo ya kumchapa jirani.

Mwaka 1938, katika Buchenwald, kambi ya Manazi ya kuwafunga na kuwatesa watu, palijengwa bustani ya wanyama kando kabisa ya ua. Dubu walikuwemo. Wanajeshi wa SS, kikosi cha Manazi kilicholinda kambi, walipumzikia hapo, na ng'ambo ya seng'enge wafungwa walikuwa wakifa.

Kinachonikaa rohoni zaidi, lakini, ni paka. Aliitwa Muschel, wa Victor Klemperer, profesa wa asili ya Kiyahudi mjini Dresden, aliyekuwa akiandika shajara kwa siri. Mei 1942 ikatoka amri: Myahudi asifuge mbwa, paka wala ndege, na asimpe mtu mwingine amtunzie. Eva, mkewe, ambaye hakuwa Myahudi, akambeba Muschel kwa daktari wa mifugo akauawe. Ile sheria ya 1933 ilikuwa ingali inatumika. Paka wa Myahudi hakuhesabika humo.

(Hata Blondi, mbwa wa Hitler aliyepigwa picha kila pembe, ndiye aliyejaribiwa sumu Aprili 1945, ijulikane kama kweli inaua.)

Juzi nilimsimulia mama kisa cha Muschel palepale ngazini. Sahani ya mifupa ikabaki mkononi.

"Na huyo daktari alikubali, mwanangu?"

Alikubali, mama.